Je, wajua? Namba 896 haikuifanya Jedi kuwa dini

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia jambo moja kwa uhakika mkubwa: kwamba Uingereza ilitambua rasmi dini iliyotoka kwenye sinema. Mara ya mwisho tulikuwa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, bukari (ugali wetu) iko mezani, na vijana wawili walikuwa wameshaanza kucheka kwa furaha. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, mtu asiye na haraka ya kuamini, akaosha mikono, akauliza: "Waliitambua kwa karatasi gani? Nani alitia sahihi?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikatafuta, nikakuta kwamba karatasi hiyo haikuwahi kuwepo.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Mwaka 1977 ilitoka sinema Star Wars, ya Mmarekani George Lucas. Ndani yake kuna Jedi, watu wa mapanga ya mwanga, nusu watawa nusu askari, wanaoitegemea Nguvu, kani isiyoonekana inayounganisha kila chenye uhai. Mungu hamna humo. Hakuna wa kuumba, hakuna wa kuhukumu, hakuna wa kuchinjiwa kuku. Kwa dini ya kubuni huo ni uchache wa kushangaza, maana watunzi wa hadithi za aina hii hupenda kugawa miungu kama peremende. Lucas alimwambia mwandishi wa habari Bill Moyers mwaka 1999 kwamba aliiweka Nguvu ili kuamsha kwa vijana hamu fulani ya mambo ya kiroho, bila kuwapeleka kwenye dini moja maalumu.

Vijana waliamka, ila kwa njia yao. Mwaka 2001 New Zealand, Australia, na Uingereza pamoja na Wales zilihesabu watu wake. Kabla ya hapo barua pepe ilikuwa imezunguka ikisema: watu 10,000 wakijiandika Jedi kwenye sensa, serikali italazimika kuitambua dini hiyo. Ni ndugu wa ule ujumbe tunaotumiwa leo kwenye WhatsApp, wa kusambaza kwa watu kumi kabla ya usiku wa manane. Kanuni ya 10,000 haikuwepo. Watu wakaandika hivyo hivyo. New Zealand walipatikana zaidi ya 53,000, yaani kama asilimia 1.5 ya wakazi. Australia walivuka 70,000. Uingereza na Wales walifika 390,127, wakawapita Wasikh, Wayahudi na Wabudha. Katika mji wa Brighton na Hove walikuwa asilimia 2.6, kwa kila watu 40 barabarani, mmoja alikuwa Jedi, angalau kwenye karatasi.

Hadi hapo nilikuwa sahihi. Nilipopotea ni kwenye namba. Iliripotiwa kwamba ofisi ya takwimu ya Uingereza imeipa Jedi namba yake yenyewe, 896, kwenye orodha ya dini. Mimi nilisoma "namba" na "orodha" nikaelewa "imeandikishwa". Ofisi hiyo ilieleza mapema kabisa kwamba namba hiyo haimaanishi kutambuliwa, lakini maelezo ya namna hiyo hayasafiri mbali kama kichekesho.

Nimejiuliza kwa nini niliamini upesi hivyo, na nadhani lawama moja iende kwa historia yetu. Kwa Mkongomani, orodha ya dini ni kitu kizito. Mhubiri Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921, akahukumiwa kifo, hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi hii hii. Alikaa gerezani miaka 30 na kufia humu tarehe 12 Oktoba 1951. Kanisa lake lilikuja kutambuliwa na Wabelgiji tarehe 24 Desemba 1959, miezi sita tu kabla ya uhuru. Kisha Desemba 1971, enzi za Zaire, sheria ikataja makanisa yaliyoruhusiwa: Wakatoliki, Waprotestanti ndani ya muungano mmoja, na Wakimbangu. Waorthodoksi, Waislamu na Wayahudi waliongezwa baadaye. Asiyekuwemo alitakiwa kufunga milango. Na leo mchungaji anayeanzisha kanisa Katuba au Ruashi anajua habari ya kutafuta karatasi za Wizara ya Sheria. Utaratibu wake uko kwenye sheria ya Julai 2001, mwaka ule ule wa Jedi.

Mtu aliyekulia kwenye orodha za aina hiyo akisikia dini fulani "imepewa namba", haulizi zaidi. Namba ni mlango umefunguliwa. Kumbe kuna orodha ya mlango, na kuna orodha ya kuchambulia.

Hii ya pili inafanyaje kazi? Chukua mama mmoja wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, anayeuza nguo za mtumba. Balo limefika asubuhi. Anakata ukanda wa plastiki, nguo zinavimba kama unga uliotiwa hamira, anaanza kuchambua: mashati huku, suruali kule, za watoto nyuma yake kwenye turubai. Mirundo hiyo aliijua kabla hajafungua balo. Ni kama visanduku vilivyochapwa tayari kwenye fomu ya sensa: hana dini, Mkristo, Mbudha, Mhindu, Myahudi, Mwislamu, Msikh. Akikutana na kitu asichokielewa anakigeuza mara mbili mkononi, anakiinua kwenye mwanga, anakiweka pembeni. Hapo pembeni ndipo kwenye ile nafasi ya mwisho ya fomu, dini nyingine, andika mwenyewe.

Sasa linatoka koti la njano la wazima moto wa Ulaya, lenye mistari inayong'aa. Anaduwaa. Linatoka la pili, la tano. Likifika la kumi hawezi tena kusimama kuligeuza kila moja na kujiuliza ni nini. Anafungua rundo jipya, na mkono unarudi kwenye kasi yake. Je, mama huyu ametangaza kwamba koti la zimamoto ni vazi la kuendea harusi Lubumbashi? Ameokoa muda. Makarani wa sensa ndivyo walivyo: kila neno lililoandikwa kwa mkono lazima ligeuzwe kuwa namba ili mashine ihesabu, na neno likijirudia mara nyingi linapewa namba yake, hata kama ni upuuzi. Tena upuuzi unaojirudia ndio unaoihitaji zaidi.

Kuna hatua ya pili ambayo wasimuliaji wenzangu huiruka. Jioni mirundo inaingia magunia, na magunia ni machache kuliko mirundo. Makoti ya njano hayapati gunia lake. Yanatupwa pamoja na vitu visivyouzika kama nguo. Waingereza walipotoa jedwali kuu la dini, Jedi hawakuonekana humo. Wote 390,127 walikuwa wamewekwa ndani ya kundi la "hana dini". Kwa hiyo ile namba niliyoisimulia kama ushahidi wa dini mpya, wenye sensa waliitumia kuongezea idadi ya wasio na dini kabisa. New Zealand nao walikuwa na lebo ninayoipenda kuliko zote: "jibu limeeleweka, lakini halitahesabiwa". Ningetamani kuwa na muhuri wake kwa ajili ya mikutano ya ukoo.

Inabidi niseme pia kwamba swali lenyewe la dini halikuwa la lazima. Uingereza na Wales lilikuwa swali la hiari, na zaidi ya watu milioni 4 waliliacha wazi. Ofisi ya takwimu, badala ya kununa, ilikiri kwamba mzaha huo huenda ulisaidia, kwa sababu vijana wengi ambao wangeitupa fomu waliijaza ili tu wapate kuandika Jedi. Kichwa cha taarifa yake kwa vyombo vya habari kiliandikwa kwa mpangilio wa maneno wa kugeuzageuza, kwa sauti ya yule mzee mdogo wa kijani wa kwenye sinema. Watumishi wa serikali wakifika hapo, ujue wamefurahi.

Baadaye mambo yakaporomoka. Mwaka 2011 Jedi wa Uingereza na Wales walikuwa 176,632. Mwaka 2021 walibaki kama 1,600. Ingekuwa dini ya kweli, wanahistoria wangetafuta mateso, vita au nabii wa uongo. Hapa tuwe waangalifu, kwa sababu sensa inahesabu majibu, haipimi imani. Kati ya wale 390,127 walikuwemo waliocheka, waliopinga serikali kuulizia dini, na pengine wachache waliomaanisha. Jambo moja linaonekana wazi: katika miaka hiyo hiyo waliojiandika hawana dini walipanda kutoka asilimia 14.8 hadi 25.2, kisha 37.2. Mimi naona kwamba mzaha ulikosa kazi. Kilichokuwa kikisemwa kwa kuzunguka sasa kinasemwa kwa alama moja kwenye kisanduku cha kwanza. Lakini hayo ni makadirio yangu, na yaya hajayakubali.

Waliomaanisha wapo, na wao ndio waliofika kwenye orodha ya mlango. Kundi liitwalo Temple of the Jedi Order liliomba kusajiliwa kama shirika la hisani la kidini. Desemba 2016 tume inayosimamia mashirika ya hisani ya Uingereza na Wales ilikataa. Iliuliza kama mafundisho yana mshikamano, kama yana upande wa kiroho usioweza kuondolewa, kama yanainua maadili ya jamii kwa namna inayoonekana. Ikaona kwamba mtu anaweza kuyafuata kama mtindo wa maisha tu, bila dini yoyote ndani yake.

Nilimrudishia yaya majibu haya Jumapili iliyofuata. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama sisi tuna mirundo mingapi. Nikamwambia sensa ya mwisho ya nchi nzima hapa kwetu ilikuwa mwaka 1984. Yeye anaukumbuka vizuri ujio wa bwana mmoja mwenye daftari kubwa, aliyekaa kwenye kiti chao pekee kisichoyumba na kunywa maji vikombe viwili. Alichouliza hakikumbuki.