Maji ndani ya kopo la kunasia oili yanatoka wapi?

Jirani yangu hapa Lanet, Nakuru, alifungia Subaru yake kopo la kunasia oili mwezi wa Juni. Katikati ya Julai, asubuhi yenye ukungu, akafungua bonneti, akalitoa kopo na kulimimina kwenye chupa tupu ya maji. Kikatoka kitu kama chai ya maziwa iliyolala. Akaenda nacho mbio kwa fundi mmoja mjini, naye fundi hakugusa hata kifuniko cha rejeta. "Bosi, hedi gasketi imeenda. Tufungue injini."

Hedi gasketi ni ile pakingi kati ya hedi na bloku ya injini, inayozuia maji ya kupozea injini yasichanganyike na oili. Haikuwa imeenda. Ila kabla ya kufika huko, tuelewane kwanza kopo lenyewe ni la nini.

Petroli ikilipuka ndani ya silinda, gesi karibu yote hutoka nje kupitia salensa. Kidogo hupenya kandokando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, hata kwa injini mpya. Ikifungiwa humo, shinikizo hupanda na oili huanza kuvuja kwenye sili. Kwa hiyo injini ina vali ya PCV, ambayo huiachilia gesi hiyo ivutwe tena kwenye njia ya hewa ikachomwe upya. Kasoro ni kwamba haiendi peke yake, hubeba ukungu wa oili. Oili hiyo hupaka njia yote ya hewa. Kwa injini zinazorusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda ni mbaya zaidi, maana huganda kuwa masizi nyuma ya vali za kuingizia na hakuna petroli inayopita hapo kuziosha. Kopo hufungwa katikati ya mpira unaotoka kwenye vali ya PCV. Gesi inaingia, inapunguza mwendo, inagonga wavu na kuta, oili inadondoka chini, gesi inaendelea na safari.

Sasa hayo maji. Wengi hawajui kwamba petroli ikiungua huzaa maji, tena si haba: lita moja ya petroli huzaa takriban lita moja ya maji, kwa sababu haidrojeni iliyomo hushikana na oksijeni ya hewa. Hatuyaoni kwa kuwa hutoka yakiwa mvuke. Simama stegi ya matatu saa kumi na mbili asubuhi utazame salensa zinavyotoa moshi mweupe na kudondosha matone. Ndiyo hayo. Mvuke huohuo hupenya pia kwenye ringi, na ukifika kwenye kopo, bati lililokaa mbele kwenye upepo, hugeuka matone. Funua sufuria ya githeri uone kifuniko kinavyochuruzika, na hakuna aliyekimwagia maji.

Bila kopo, maji hayo yangevutwa, yakapita kwenye silinda na kutoka nyuma bila wewe kujua. Kopo halikuyaleta, limeyaonyesha tu.

Nakuru tuko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai kila mtu anazijua. Ongeza jinsi gari la jirani linavyotumika: kumpeleka mtoto shule, kupitia dukani, kurudi nyumbani. Sindano ya joto inapanda mapema, naye anadhani injini imeshapata moto. Sindano hiyo inapima joto la kulanti, yaani maji ya kupozea injini. Oili huchelewa sana kupata moto, na isipopata moto wa kutosha, maji yaliyoshuka kwenye sampu hayakauki. Yanakorogwa na oili mpaka yanakuwa povu la krimu, lile unalolikuta chini ya kifuniko cha kutilia oili. Aliye Kisumu atakuta maji machache zaidi, maana joto la kule haliachi kopo lipoe hivyo.

Je, hedi gasketi haiwezi kuingiza maji? Inaweza, na ikiungua si jambo la kusubiri. Lakini kopo silo shahidi wa kwanza wa kuulizwa. Tulichofanya ni kuchora mstari kwa kalamu kwenye tangi la akiba la kulanti, injini ikiwa baridi. Tukavuta dipstiki, kijiti cha kupimia oili: oili ilikuwa ya kahawia, safi, haina maziwa. Kifuniko cha rejeta tukakifungua injini ikiwa bado baridi (ikiwa moto, usithubutu), tukaiwasha na kutazama. Hakuna mapovu yaliyopanda mfululizo. Moshi mweupe ulikuwapo, ila uliisha injini ilipopata moto, na haukuwa na ile harufu tamu ya kulanti. Kulanti yake ni ya waridi, na kwenye chupa hakukuwa na dalili ya waridi.

Jumamosi akaenda Kericho na kurudi. Akipanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit, sindano haikusogea. Asubuhi yake kulanti ilikuwa palepale kwenye mstari. Kopo lilikuwa na vijiko vichache tu, vyeusi, vinanuka petroli. Kulanti ingeshuka chini ya mstari, au dipstiki ingetoka na maziwa, ningemwambia mwenyewe afungue hedi.

Siku hizi za baridi analimwaga kila baada ya wiki mbili. Likiachwa lijae, injini huanza kuvuta kilichomo, na hapo kazi yote imekuwa bure. Asichofanya ni kuirudisha oili hiyo kwenye injini, maana ina maji, petroli na asidi ndani yake. Anaipeleka kwenye pipa la oili chafu gereji. Mtaroni haimwagi, kwa sababu mvua ikinyesha mitaro ya mji huu huelekea Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka.