Kizuizi cha kumbukumbu hakifanyi kazi ya kufuli

Hifadhidata ikihudumia watu wengi kwa pamoja, makufuli ndiyo yanayozuia mchakato mmoja usivuruge kazi ya mwingine. Ila kufuli lina gharama isiyoonekana kwa macho: hata anayetaka kusoma tu lazima aliandike kwanza kuonyesha kwamba amelishika. Kiini kimoja cha prosesa kikiliandika, nakala iliyomo kwenye kache za viini vingine (kumbukumbu ndogo za haraka zilizo karibu na kiini), kwa kawaida kipande cha baiti 64, inabatilika na kila kimoja kinalazimika kuivuta upya. Viini vikiwa 4, huenda usihisi lolote. Vikiwa 64, vyote vinapanga foleni kugombea baiti zilezile chache.

Ndiyo maana waandishi wa programu hutamani kutoa kufuli na kuweka kizuizi cha kumbukumbu, yaani amri inayolinda mfuatano wa kusoma na kuandika. Kuna mahali panafaa, na napenda sana tupajue vizuri.

Prosesa na kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) hupangua mfuatano wa kazi ili kuokoa muda. Tuseme mchakato wa kwanza unaandika rekodi, kisha unageuza alama ya "tayari" kutoka 0 kuwa 1. Wa pili unaiona 1, unafungua rekodi, unakuta taarifa za zamani: alama imetangulia kuonekana. Kizuizi huamuru kwamba yaliyoandikwa kabla yake yaonekane kabla ya yatakayofuata. Msomaji naye aweke chake, kati ya kusoma alama na kusoma rekodi. Cha upande mmoja ni kazi bure, kwa hiyo kando ya kila kizuizi andika mwenzake yuko faili gani. Kosa hili mara nyingi hujificha kwenye prosesa za aina ya x86, ambazo hulinda mfuatano wa kuandika na wa kusoma, kisha huibuka programu ikihamishiwa prosesa za ARM.

Tazama hifadhidata ya PostgreSQL, toleo la 9.2 la mwaka 2012. Kila mchakato hukagua mara kwa mara kama kuna ujumbe kwamba, kwa mfano, muundo wa jedwali umebadilika. Awali ulishika kufuli hata pasipo na ujumbe wowote, na mara nyingi haupo. Tangu toleo hilo kila mchakato una alama yake, inayowashwa ujumbe ukiingia. Isipowashwa, unaendelea na shughuli zake. Ikiwa imewashwa, unaizima kwanza, ndipo unapohesabu ujumbe. Pindua mfuatano huo uone: ujumbe ukiingia baada ya kuhesabu na kabla ya kuzima, alama yake inafutwa na wenyewe unabaki haujasomwa. Kufuli la kusoma ujumbe halikutolewa. Lililotolewa ni lile la kuulizia tu.

Kizuizi hupanga nini kionekane kabla ya nini. Hakimzuii yeyote kuingia. Michakato miwili ikisoma hesabu ya 7 na kila mmoja ukaongeza 1, yote itaandika 8 badala ya kufika 9, hata ukiweka vizuizi kumi. Hapo panatakiwa operesheni isiyogawanyika, yaani inayosoma, kuongeza na kuandika kwa mkupuo mmoja, au kufuli lenyewe.