Je, wajua kwa nini damu ya mzazi siku hizi inapimwa kwa mfuko wa plastiki badala ya jicho?

Mjamzito yeyote wa Moshi au Arusha aliyekaribia siku zake anaijua orodha ya vitu vya kubeba: doti za khanga, vitenge vya mtoto, glavu, pamba, na ule mpira wa kutandika kitandani ambao wengi wanauita makintoshi. Khanga na mpira huo vimepokea damu ya uzazi kwa miaka mingi, na tatizo lilijificha humo humo. Damu ikishanywewa na khanga, nani ataipima?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa jicho la mkunga. Alitazama kitanda, akatazama beseni, akaandika kwenye faili kiasi alichokadiria. Hakuwa mzembe. Damu nyingine imeingia kwenye nguo, nyingine imechanganyika na maji ya uzazi na mkojo, nyingine iko sakafuni. Tafiti zilizolinganisha makadirio ya jicho na damu iliyopimwa kweli zimeona jambo lile lile mara nyingi: jicho hupunguza, na kadiri damu inavyokuwa nyingi ndivyo linavyozidi kupunguza. Yaani linakosea zaidi pale ambapo kukosea ni hatari zaidi.

Nyumbani nako kuna kauli yake. Bibi au shangazi humwambia mzazi, "Acha itoke mwanangu, hiyo ni damu chafu." Ana chembe ya ukweli, kwa sababu damu kidogo kidogo inayoendelea kutoka siku na wiki baada ya kujifungua ni jambo la kawaida. Lakini ile inayomwagika saa ya kwanza ni damu ile ile inayolisha moyo na ubongo. Haina uchafu wowote.

Kwa miaka mingi kipimo kilichotumika duniani ni mililita 500 ndani ya saa 24, yaani chupa ya maji ya nusu lita. Mzazi aliyejifungua kwa njia ya kawaida akifika hapo, anahesabiwa kuwa na tatizo la kutokwa na damu nyingi. Kila mwaka linawapata wanawake wapatao milioni 14 duniani, na makumi ya maelfu kati yao hufa. Wengi wa hao ni wa Afrika na Asia Kusini. Katika nchi tajiri mwanamke hutokwa na damu vile vile, ila ni nadra afe kwa sababu hiyo, na tofauti hiyo ndiyo iliyowafanya watafiti waangalie pia kinachofanyika leba dakika kwa dakika, si dawa peke yake.

Kwanza tuone damu inatoka wapi. Mimba inapofika mwisho, damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi ni kama nusu lita au zaidi kwa dakika. Kondo la nyuma likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha inabaki midomo wazi. Kinachoifunga kwanza ni msuli, hata kabla damu haijaganda. Nyuzi za msuli wa mfuko wa uzazi zimepishana huku na huku, mishipa ikipita katikati yake, kwa hiyo msuli ukikaza mishipa inabanwa. Wanaomwagilia migomba kwa mifongo (mifereji) huku Uchagani wataelewa haraka: maji ya mfongo huyazuii kwa kuyakimbiza shambani, unayafunga pale pale yanapochepushwa.

Msuli ukilegea, mlango umebaki wazi. Katika kila kesi kumi za kutokwa na damu nyingi, kama saba chanzo chake ni kulegea huko. Zilizobaki ni michaniko, kipande cha kondo kilichosalia ndani, au damu isiyoganda vizuri. Ndiyo maana mkunga husugua tumbo la mzazi kwa nguvu (linauma, na wazazi hulilalamikia kwa haki kabisa), na ndiyo maana kila anayejifungua huchomwa sindano ya oksitosini mara mtoto anapotoka, ili msuli ukaze.

Kuna udanganyifu mwingine, na huu unatoka mwilini mwenyewe. Wakati wa ujauzito wingi wa damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu. Ni akiba ya busara, lakini inaficha hatari. Mzazi anaweza kupoteza damu nyingi huku presha yake ikisoma vizuri na yeye mwenyewe akitabasamu na kuuliza mtoto ana kilo ngapi, kisha hali ikabadilika ghafla. Kwa hiyo jicho linapunguza na presha inachelewa kusema, na huo ndio mwanya ambao umewaua wanawake waliokuwa tayari ndani ya hospitali, mbele ya wataalamu, dawa zikiwa kabatini.

Mfuko umeletwa kuziba mwanya huo. Ni karatasi ya plastiki angavu inayotandikwa chini ya makalio ya mzazi mara mtoto akishatoka, upande wa chini ukiwa umefungwa kama kikapu kirefu chenye mistari ya vipimo. Damu inateremka yenyewe hadi humo. Katika saa ya kwanza, kila dakika 15, mkunga anasoma imefika wapi, anapima mapigo na presha, anagusa tumbo kuona kama msuli umekaza. Kwa teknolojia ya karne hii ni kitu cha kawaida mno. Hakitumii umeme wala intaneti.

Mfuko huo ulijaribiwa katika utafiti ulioitwa E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza na kuchapishwa Mei 2023 katika jarida la New England Journal of Medicine. Hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania zilishiriki, na waliojifungua kwa njia ya kawaida katika kipindi hicho walizidi 210,000. Waliogawanywa kwa kura hawakuwa wanawake bali hospitali: nusu ziliendelea na utaratibu wake wa siku zote, nusu zilipewa mifuko, mafunzo na utaratibu mpya. Waliopoteza lita nzima au zaidi, au kupasuliwa tumbo ili kuzuia damu, au kufa kwa kutokwa na damu, walikuwa asilimia 4.3 katika hospitali za utaratibu wa zamani. Katika zile za mfuko walikuwa asilimia 1.6. Hatari imeshuka kwa asilimia 60, na hakuna dawa hata moja mpya iliyotumika.

Namba nyingine kutoka utafiti huo huo ndiyo iliyonishtua zaidi. Katika utaratibu wa jicho, ni karibu nusu tu ya kesi za kutokwa na damu nyingi zilizogunduliwa. Kwa mfuko ziligunduliwa asilimia 93. Mama mmoja kati ya wawili alikuwa anapita mbele ya mkunga bila kuonekana!

Nikiri hapo hapo kwamba vifo vyenyewe vilikuwa vichache pande zote mbili, hata utafiti huo peke yake haukuweza kuthibitisha kwamba vimepungua. Kilichothibitika ni kwamba wachache zaidi walifika kwenye ukingo wa hatari. Kwa maoni yangu hilo linatosha kabisa kuununua mfuko.

Lakini mfuko unaonyesha tu. Sehemu ya pili ya E-MOTIVE ni kile kinachofuata damu ikigonga mstari. Zamani matibabu yalikwenda kwa ngazi: sugua tumbo, subiri, ongeza oksitosini, subiri, imeshindikana, itwe dawa nyingine, aitwe daktari. Kila "subiri" ilikuwa na bei yake. Utaratibu mpya unafanya yote kwa mpigo: kusugua tumbo, dawa ya kukaza msuli, asidi ya traneksamiki, dripu, na kumkagua mzazi kuona kama amechanika au kuna kipande cha kondo kimebaki. Visipofaulu ndipo anapandishwa ngazi bila mjadala. Vifaa vyote vinakaa pamoja kwenye kisanduku au toroli moja, ili asiwepo wa kukimbia stoo kutafuta ufunguo wa kabati wakati damu inamwagika.

Asidi ya traneksamiki ina historia inayostahili kusimuliwa. Iligunduliwa Japani na mume na mke, Shosuke na Utako Okamoto, waliotangaza matokeo yao mwaka 1962. Damu ikiganda hujenga nyuzi nyembamba, na mwili nao una kemikali ya kuziyeyusha; dawa hii huizuia kemikali hiyo, donge likadumu. Utako aliitaka kwa ajili ya wanawake wanaojifungua, lakini hakufanikiwa kuwashawishi madaktari wa uzazi waijaribu. Ikaishia kutumika kwingine: kwa madaktari wa meno, kwenye upasuaji, kwa wenye hedhi nzito. Utafiti mkubwa wa WOMAN, uliohusisha wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo, ulichapishwa Aprili 2017 na kuonyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa tatu inapunguza vifo vya kutokwa na damu kwa karibu theluthi. Utako alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akiwa na umri wa miaka 98. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha pia kwamba kila dakika 15 za kuchelewa zinapunguza faida ya dawa kwa takriban asilimia 10, na baada ya saa tatu hakuna faida tena. Hapo ndipo unaona mfuko na sindano vinavyotegemeana.

Basi kwa nini asichomwe dawa hii kila mzazi mapema, hasa mwenye upungufu wa damu? Wazo zuri, na lilijaribiwa. Utafiti wa WOMAN-2, uliotoka 2023, uliwafuatilia wanawake zaidi ya 15,000 wenye upungufu wa damu nchini Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia. Dawa haikuzuia tatizo lisitokee. Inatibu damu inayomwagika, haikingi.

Oksitosini nayo ina udhaifu wake: inataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Zahanati iliyo mbali huko Longido, umeme ukikatika siku mbili, inaweza kubaki na vichupa vyenye lebo nzuri na nguvu iliyopungua. Kabetosini, dawa nyingine ya kukaza msuli, katika aina isiyoharibiwa na joto, ilijaribiwa kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, zikiwemo Kenya na Uganda, na matokeo ya 2018 yalionyesha kwamba katika kuzuia damu nyingi haikuwa nyuma ya oksitosini.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na wakunga, lilisogeza mstari wenyewe. Sasa haitakiwi kungoja mililita 500. Damu ikifika 300 na mapigo ya moyo au presha ikaanza kwenda kombo, matibabu yaanze. Faida ya mstari huo wa mapema inampata nani? Fikiria mzazi mwembamba aliyeingia leba na upungufu wa damu, kadi yake ya kliniki ikionyesha wekundu wa damu wa 8 au 9. Kwake nusu lita si nusu lita ya mwenzake.

Tanzania imepiga hatua ambayo haisemwi vya kutosha. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015 na 2016, na wanaojifungulia kituoni walifika asilimia 81. Ila kituoni si lazima iwe KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi. Anayeanza kutokwa na damu kwenye zahanati ya milimani Same au ng'ambo ya Ngorongoro anahitaji gari sasa hivi, na mfumo wa m-mama upo kwa ajili hiyo: simu ya bure 115, dereva anatafutwa, hata wa gari binafsi wa kijijini aliyesajiliwa, na kituo kinachompokea kinajulishwa. Mzazi aliyesharudi nyumbani anayelowesha pedi nzima ndani ya saa moja, anayeona kizunguzungu, au anayetoa mabonge makubwa, asingoje mtori uive. Arudi hospitali.

Lipo eneo moja ambalo mfuko haujalimudu: upasuaji. Hatua zote za E-MOTIVE zilipimwa kwa waliojifungua kwa njia ya kawaida. Mezani kwa upasuaji damu inavutwa na mashine pamoja na maji ya uzazi, nyingine inanywewa na vitambaa, na inayobaki inatiririka pembeni. Katika hospitali kubwa za rufaa, zinazopokea kesi ngumu kutoka wilaya zote, wanaojifungua kwa kisu ni wengi. Huko bado wataalamu hupima vitambaa kwenye mizani, hutoa maji kwenye hesabu, na sehemu iliyobaki hulazimika kuitazama na kukadiria.