Funza wanaokula nyama hai: maswali kuhusu kulungu wa Florida

Kulungu gani hao?
Ni kulungu wadogo wa visiwa vya Florida Keys, kusini mwa Marekani. Usiwachanganye na swala wetu: madume yao huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka. Mwaka 2016 walivamiwa na inzi aitwaye Cochliomyia hominivorax, na 135 wakafa, wakiwamo waliouawa ili kuwakatishia mateso.

Nitamtambuaje inzi huyu?
Ana rangi ya buluu-kijani inayong'aa na mistari mitatu myeusi mgongoni. Lakini kwa kweli ukitaka kuwa na uhakika, tazama kidonda. Funza wa inzi wa kawaida hupenda nyama iliyokufa, tena huzagaa juu juu. Hawa huzama vichwa chini ndani ya nyama hai, wakijichimbia kama skrubu. Kidonda hupanuka, hutoa majimaji ya damu na kunuka vibaya. Mnyama hutikisa kichwa na kujitenga.

Mbona madume ndiyo yaliyoumia zaidi?
Ulikuwa msimu wa kupandana, na madume hupigana kwa pembe. Mkwaruzo mdogo tu unamtosha inzi kutaga mayai pembeni mwake. Huanguliwa ndani ya siku moja, na funza hula kwa takriban wiki nzima kabla ya kudondoka na kujifukia udongoni.

Mnyama wa porini anatibiwaje?
Kwa mkate! Vipande vilitiwa doramektini, dawa ya jamii moja na ivamektini wanayoijua wafugaji, kisha kulungu wakalishwa. Hilo liliwezekana kwa sababu hawa wamezoea watu; kulungu mwingine angekimbia.

Dawa hiyo ndiyo iliyomaliza inzi?
Hapana. Waliachiwa mamilioni ya inzi waliohasiwa kwa mionzi. Jike hupandwa mara moja tu maishani, hivyo akikutana na dume tasa mayai yake hayaanguliwi. Machi 2017 inzi hao walitangazwa kutokomezwa huko Florida. Unguja nayo iliondokana na mbung'o kwa mbinu hiyohiyo katika miaka ya 1990.

Binadamu je?
Naye hushambuliwa. Osha kidonda, kifunike, na ukiona funza nenda hospitali wote watolewe. Usiwatupe chini, maana watageuka inzi. Watumbukize kwenye spiriti.