Bakapu ya usiku inakurudishia jana tu: setingi za databesi zitakazokurudishia na ya leo

Wengi wanaotuletea shida ya data iliyopotea huwa wana bakapu, na hilo ndilo linaloumiza zaidi. Bakapu ipo, inachukuliwa kila siku saa sita usiku, faili zimepangwa kwa tarehe vizuri kabisa, ila diski imekufa saa kumi jioni au mtu kafuta jedwali saa tisa mchana na kazi yote ya kuanzia asubuhi haipo popote. Wanauliza kama kuna programu yoyote ya kuirudisha, na mara nyingi jibu ni hapana. Sio kwamba teknolojia haipo, ipo miaka mingi sana, tatizo ni setingi moja au mbili ambazo hazikuwashwa tangu siku databesi inawekwa kwenye seva na hakuna aliyerudi kuziangalia.

Kwa hiyo leo naongea na wewe unayesimamia seva, lakini hata mkuu wa idara asome, maana kuna sehemu ya kwanza hapa inamhusu yeye kuliko fundi.

Sehemu yenyewe ni maswali mawili. Mkipata ajali, mnaweza kuvumilia kupoteza kazi ya muda gani: siku nzima, saa moja, dakika tano? Na mfumo ukilala, unaweza kulala muda gani kabla mambo hayajaharibika kabisa? Wataalamu wanayaita RPO na RTO, usihangaike na majina, hangaika na majibu. Hayo majibu hayatoki kwa fundi, yanatoka kwa mwenye kazi. Ukimwachia fundi peke yake atachagua kinachoingia kwenye diski aliyonayo, na huwezi kumlaumu. Mkisema dakika kumi na tano basi bakapu ya usiku peke yake haitoshi hata kidogo, na hapo ndio tunaingia kwenye logi.

Databesi karibu zote kubwa, kabla hazijabadilisha data yenyewe kwenye diski, zinaandika kwanza yale mabadiliko kwenye logi. PostgreSQL wanaiita WAL, Oracle wanaiita redo, SQL Server ina logi ya miamala, na MySQL ina binlogi ambayo kwa ndani inafanya kazi tofauti kidogo ila kwenye kurudisha data inakufaa vilevile. Ukiwa na bakapu kamili moja halafu ukawa na logi zote zilizofuata bila kukatika hata moja, unaweza kuirudisha databesi mpaka dakika unayoitaka, hata sekunde. Logi moja ikipotea katikati, unaishia hapo hapo ilipokatika, za mbele yake hazina kazi tena hata kama unazo mia.

Nianze na PostgreSQL kwa ukaribu kidogo. Ukiiweka kwenye seva bila kugusa kitu, archive_mode (setingi ya kuhifadhi logi pembeni) inakuja ikiwa off. Maana yake logi zinaandikwa, zinatumika, halafu zinazungushwa na kutumika upya, hakuna anayeziweka pembeni. Unatakiwa kuweka archive_mode = on, wal_level, yaani kiasi cha taarifa kinachoandikwa kwenye logi, iwe replica (toleo la 10 na kuendelea inakuja hivyo yenyewe), halafu unaiambia seva jinsi ya kuhamisha kila faili la logi likijaa:

archive_command = 'test ! -f /hifadhi/wal/%f && cp %p /hifadhi/wal/%f'

Hapo %p ni njia ya kulifikia faili na %f ni jina lake. Kile kipande cha mwanzo, test ! -f, watu wanakifuta wakiona kama urembo, tafadhali kiacheni, kazi yake ni kuzuia faili jipya lisilalie faili la zamani lenye jina lile lile. Na hiyo /hifadhi isiwe folda kwenye diski ile ile ya databesi, iwe mashine nyingine, maana diski ikifa itakufa na vyote. Kwa mfumo mkubwa afadhali utumie zana zilizotengenezwa kwa kazi hii kama Barman au WAL-G kuliko hii amri ya kunakili, cp, lakini ukiielewa hii ya mkono utaelewa na hizo zinafanya nini.

Kuna kingine kinawapata watu wenye mfumo usio na shughuli nyingi. Faili moja la WAL kwa kawaida ni MB 16, na halihamishwi mpaka lijae. Kama mfumo wako unaandika kidogo kidogo linaweza kukaa masaa halijajaa, na seva ikifa hapo katikati hayo masaa yameondoka nayo. Weka archive_timeout = 300 na kila dakika tano seva italifunga faili na kulipeleka hata kama halijajaa, mradi kuna kitu kimeandikwa. Unaona sasa lile swali la kuvumilia dakika ngapi limerudi kwenye namba halisi.

Halafu uangalie upande wa pili, archive_command ikianza kufeli, labda paswedi ya mashine ya mbali imebadilishwa au hifadhi imejaa, PostgreSQL haitupi logi, inazishikilia kwenye folda ya pg_wal mpaka diski ijae na seva isimame. Hapo mtu mwenye presha anaingia anafuta mafaili ya pg_wal kwa mkono ili apate nafasi. Usifanye hivyo kamwe, hizo ni logi ambazo databesi yenyewe inazihitaji ili iamke salama. Rekebisha kinachozuia kuhamisha, zitaondoka zenyewe.

SQL Server ina mtego wake na nauona sana. Kila databesi ina modeli ya kurudisha, kuna SIMPLE, FULL na BULK_LOGGED. Kwenye SIMPLE huwezi kuchukua bakapu ya logi kabisa, kwa hiyo unarudi kwenye bakapu ya mwisho na basi. Kwenye FULL unaweza, lakini lazima uichukue, kwa ratiba, kila dakika kumi na tano au nusu saa, kwa sababu usipoichukua lile faili la logi linakua tu linakua tu mpaka linameza diski. Sasa mtu anaona faili limefika ukubwa wa ajabu, anageuza kwenda SIMPLE, analipunguza, anarudisha FULL, anaenda zake amefurahi. Kashakata mnyororo! Kuanzia hapo mpaka ichukuliwe bakapu nyingine, kamili au ya tofauti (ya yaliyobadilika tu tangu bakapu kamili), bakapu za logi haziwezekani, na kama hakuna anayesoma ujumbe wa kazi zilizofeli anaweza kukaa wiki akidhani amelindwa.

MySQL toleo la 8.0 inakuja binlogi ikiwa imewashwa na inazitunza siku 30, sio mbaya, ila hakikisha zinanakiliwa nje ya seva. Na mysqldump, zana ya MySQL ya kuchukua bakapu, kwa majedwali ya InnoDB (aina ya kawaida ya majedwali ya MySQL) itumie na --single-transaction ili upate picha ya wakati mmoja bila kuwafungia watu kazi, ongeza --routines na --events la sivyo utarudisha data bila taratibu zake, yaani programu ndogo na kazi za ratiba zilizohifadhiwa ndani ya databesi. Oracle iwe ARCHIVELOG (hali ya kuhifadhi logi pembeni), na kwenye RMAN, zana yake ya bakapu, uwashe bakapu ya moja kwa moja ya controlfile, faili linaloonyesha mafaili ya databesi yalipo, basi.

Haya, tuone kurudisha kwenyewe kunavyokuwa. Tuseme kwenye PostgreSQL, saa nne na dakika 42 asubuhi (kompyuta inasoma 10:42), mtu kaandika DELETE, amri ya kufuta, akasahau WHERE inayotaja mistari ipi ifutwe, jedwali zima tupu. Kwanza usirudishe juu ya databesi iliyopo, hata kama imeharibika, tafuta seva nyingine. Pale unaweka bakapu ya msingi (ile bakapu kamili ya mafaili ya databesi) ya jana usiku, unaandika restore_command inayojua kuzichukua logi ulikozihifadhi, unaweka recovery_target_time iwe 10:41:30 pamoja na tarehe na ukanda wa saa, unaunda faili tupu linaloitwa recovery.signal (hiyo ni kuanzia toleo la 12), unawasha. Itasoma logi moja baada ya nyingine, na ikifika hapo itasimama, haitafungua mlango wa kuandika, inakusubiri uangalie. Ingia, soma, hesabu mistari. Kama umesimama mapema mno unazima, unasogeza muda mbele, unawasha tena. Ila ukipitiliza huwezi kurudi nyuma, ni kuanza upya na bakapu ya msingi, kwa hiyo kosea upande wa mapema. Na huo ukanda wa saa usiuchukulie poa, seva nyingi zinasoma UTC, saa ya kimataifa, wakati mtu anayekuambia amefuta saa ngapi anasoma saa ya ukutani.

Wapo wanaosema sisi tuna seva mbili, moja inaiga nyingine, hatuna wasiwasi. Hiyo inakusaidia mashine ikifa, lakini DELETE iliyokosewa inaigwa nayo mara moja bila swali. Seva pacha sio bakapu.

Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za watengeneza programu, tena ya watu wanaojua kazi yao, ilipata hili hadharani na ikaliandika lote wazi, jambo la kuwashukuru. Mhandisi alikuwa anahangaika na seva pacha iliyobaki nyuma, akafuta folda ya data akidhani yuko kwenye hiyo pacha kumbe yuko kwenye seva kuu. Katika GB 300 hivi zikabaki kama GB 4.5. Walipokwenda kwenye bakapu wakakuta hakuna kitu, kwa sababu pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kuchukua bakapu, iliyokuwa inatumika ni ya toleo la 9.2 wakati databesi ni 9.6, ilikuwa inafeli kila siku, na barua pepe za kusema imefeli zilikuwa zinakataliwa njiani hazimfikii mtu. Kilichowaokoa ni nakala ya diski iliyochukuliwa kama masaa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Zana zilikuwepo, hakuna aliyekuwa anaangalia kama zinafanya kazi.

Ndio maana nasisitiza kurudisha kwa majaribio, kwa ratiba, kwenye mashine ya pembeni, na kuandika imechukua muda gani. RESTORE VERIFYONLY ya SQL Server inaangalia kama faili linasomeka, sio kwamba data ndani ni nzima, rudisha kweli halafu uendeshe DBCC CHECKDB, amri ya kukagua kama data ni nzima. Ukijaribu hivi ndio utagundua vile vitu vidogo vinavyosahaulika: pg_dump ya databesi moja haibebi majina ya watumiaji na paswedi zao, inabidi uongeze pg_dumpall --globals-only. Au databesi ya SQL Server ilisimbwa kwa TDE, yaani mafaili yake yote yamefungwa kwa ufunguo, na cheti chake kilikuwa kwenye seva iliyokufa, hapo bakapu unayo mkononi na huwezi kuifungua. Cheti na funguo zitunzwe kwingine, zaidi ya mtu mmoja ajue zilipo. Na akaunti inayopeleka bakapu kwenye klaudi iwe na ruhusa ya kuandika, isiwe na ruhusa ya kufuta, maana virusi vya kudai fidia siku hizi vinaanza na bakapu kabla ya kufunga data.

Ukitaka kujua umesimama wapi, fungua seva sasa hivi uulize. PostgreSQL: SHOW archive_mode, halafu usome pg_stat_archiver, jedwali la takwimu za kuhamisha logi, uangalie failed_count (zilizofeli ngapi) na last_archived_time (ya mwisho ilihamishwa lini). MySQL: SHOW VARIABLES LIKE 'log_bin', Oracle: ARCHIVE LOG LIST. SQL Server: soma recovery_model_desc kwenye sys.databases. Ukikuta imezimwa, ujue archive_mode inahitaji kuzima na kuwasha PostgreSQL, log_bin vilevile kwa MySQL, Oracle lazima ishushwe ifike hatua ya mount (imewashwa ila databesi haijafunguliwa) kwanza, kwa hiyo omba muda wa usiku. SQL Server haihitaji kuzimwa, ila ukishageuza kwenda FULL chukua bakapu kamili hapo hapo, kwa sababu kabla ya hiyo inaendelea kufanya kazi kama SIMPLE hata kama jina limebadilika.