Kukabili Hofu ya Kila Siku kwa Imani na Fikra Sahihi

Mfanyabiashara wa viazi wa Uyole, Mbeya, ambaye lori alilopanda liliwahi kufeli breki katika mteremko mkali wa Kitonga, mkoani Iringa, anaweza kukaa msimu mzima bila kusafiri, akiwatuma wengine kupeleka mzigo Dar es Salaam huku faida ikipungua. Kila safari anayoiahirisha humpa nafuu siku hiyohiyo, na nafuu hiyo ndiyo inayoilisha hofu, kwa sababu ubongo wake hujifunza kwamba amesalimika kwa kuwa hakusafiri, wala haupati nafasi ya kuona kwamba angesafiri na kufika salama. Ndivyo ilivyo pia kwa mama anayechelewa kufuata majibu ya vipimo, kwa kijana anayekwepa usaili wa kazi, na kwa mwenye kibanda Mwanjelwa, jijini Mbeya, ambaye, tangu moto ulipoteketeza Soko la SIDO mwaka 2017, hukosa usingizi akinusa moshi wa jirani anayechoma taka.

Hofu yenyewe si dhambi wala si dalili ya imani haba, ingawa wapo wanaoambiwa hivyo mbele ya watu. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hutoa tahadhari, mwili humwaga adrenalini, moyo hudunda kwa kasi, viganja hutoka jasho na tumbo hujikaza. Mtu asiyejua hayo hudhani anakufa au amerogwa, na dhana hiyo humwongezea hofu juu ya hofu. Kwa kawaida shambulio la hofu hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka lenyewe. Hata hivyo, maumivu ya kifua yanayompata mtu kwa mara ya kwanza yapimwe hospitali kabla ya kuhitimishwa kuwa ni hofu tu.

Katika Zaburi ya 56, mwenye kuomba hasemi kwamba haogopi. Anasema siku anapoogopa atamtumaini Mungu. Kurani nayo, katika Sura ya Ar-Ra'd aya ya 28, inafundisha kwamba nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Sala au dhikri inayosemwa taratibu, kwa pumzi ndefu inayotolewa polepole, hupunguza kasi ya moyo, na jumuiya inayomtembelea mwenye hofu humwondolea upweke ambao aghalabu huikuza. Kasoro huanza pale maombi yanapogeuzwa kuwa sababu ya kuahirisha, mtu akisubiri hofu iishe kwanza ndipo aondoke.

Fikra chanya nazo hazieleweki vizuri. Kujiambia kwamba hakuna baya litakalotokea ni ahadi ambayo hakuna anayeweza kuitimiza, na moyo unalijua hilo. Daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, aliyeanza kujenga tiba ya fikra na tabia katika miaka ya 1960, aliwafundisha wagonjwa kuipima fikra kwa ushahidi. Mfanyabiashara wetu anayejiambia kwamba akipita Kitonga atakufa ajiulize amepita hapo mara ngapi, na ni mara ngapi alifika salama. Jibu la kweli, kwamba njia ile ina hatari zake lakini ameivuka mara nyingi, lina nguvu kuliko kauli kubwa za kujipa moyo.

Baada ya hapo lazima asafiri, kwa hatua. Aanze na safari fupi ya Chimala na kurudi, airudie mpaka moyo uizoee, kisha asogee mbele kwenye barabara hiyohiyo hadi Makambako, baadaye Ipogolo, na hatimaye Ilula na kuteremka Kitonga akiwa na mtu anayemwamini. Ashushe pumzi, aombe, wala asishuke njiani hofu inapopanda, kwa maana akishuka wakati huo anaifundisha hofu kwamba imeshinda. Naona hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ndiyo inayorukwa zaidi.

Si kila hofu inastahili kushindwa, lakini. Abiria anayeogopa kwa sababu dereva anaongea na simu mteremkoni anaogopa kwa haki. Afunge mkanda, amwambie dereva waziwazi, na akikaidi atoe taarifa kwa askari wa usalama barabarani. Kuomba kimyakimya huku umefumba mdomo si imani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na matatizo ya wasiwasi, nayo yanatibika. Hofu ikidumu miezi, ikimzuia mtu kulala, kula au kufanya kazi, au ikija na mawazo ya kujidhuru, aende kituo cha afya au hospitali ya wilaya na aombe rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Mwenye mawazo ya kujidhuru aende siku hiyohiyo, asiachwe peke yake. Ataje pia pombe au vidonge anavyotumia kujituliza, na kama ameshaanza dawa, asiziache kwa sababu ameombewa bila kuzungumza na daktari aliyempa.