Ndoa iliyofungwa kwenye filamu si ndoa, hata padre akiwa wa kweli

Kila padre anapoonekana kwenye filamu, swali ni lilelile: kwa kuwa upadre wake ni wa kweli, je, wale waigizaji aliowafungisha ndoa si mume na mke sasa? La hasha. Na inachosha kulisikia kutoka kwa watu waliomaliza mafundisho ya ndoa.

Katika Kanisa la Kilatini, yaani Kanisa Katoliki la Magharibi, padre si mtoaji wa sakramenti ya ndoa. Bwana na bibi harusi ndio wanaopeana, kwa ridhaa yao. Padre anaiuliza ridhaa hiyo na kuipokea kwa jina la Kanisa. Kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa za 1983 inasema hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuifidia ridhaa hiyo ikikosekana. Mwigizaji anayetamka maneno ya ndoa kwa kuwa yamo kwenye skripti hajaridhia lolote. Hata picha ikipigwa kanisani, paroko mwenyewe akiwapo na mashahidi wawili kama kanuni ya 1108 inavyotaka, hakuna ndoa ya kushuhudia.

Ubatizo ndio wa kuangaliwa zaidi, na ajabu ni kwamba hakuna anayeuulizia. Maji na maneno ya Utatu vikikutana, kinachobaki ni nia. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1547 ulitaka mhudumu awe na nia angalau ya kufanya lile lifanyalo Kanisa, na anayeigiza hana nia hiyo. Wabishi hukimbilia kisa cha Rufinus, mwanahistoria wa kale wa Kanisa, kuhusu Athanasius, ambaye baadaye alikuwa askofu, kwamba akiwa mtoto aliwabatiza watoto wenzake wakicheza ufukweni Aleksandria, na askofu Alexander akaukubali ubatizo ule. Wanachosahau ni kwamba katika kisa hichohicho askofu aliwahoji watoto kwanza, akajua waliulizana nini na kujibiana nini. Na wanahistoria wengi wanakitilia shaka kisa chenyewe.

Hata hivyo, kwa nini kuacha nafasi ya ubishi juu ya kichanga cha watu? Maji yamiminwe katika picha moja bila neno lolote, maneno yarekodiwe baadaye bila mtoto wala maji. Mhariri ataviunganisha. Kwa Misa, mkate uwe wa unga wa mchele na kikombeni yawekwe maji yenye rangi, kwa sababu hostia (mkate wa Misa) halali ni ya ngano na divai ni ya zabibu. Usichukue hostia za sakristia, chumba cha vifaa vya Misa, hata ambazo padre hajazigeuza katika Misa: picha ikirudiwa mara kumi mabaki husambaa, na mwisho hakuna anayejua zipi zilitoka wapi.

Wengine husema padre akiigiza sakramenti anaangukia adhabu ya kanuni ya 1379. Kosa lile ni la kuwadanganya waamini kwamba wanapewa sakramenti. Kwenye filamu hakuna anayedanganywa.

Padre haruhusiwi kuigiza? Hakuna kanuni inayokataza moja kwa moja. Kanuni ya 285 inakataza yasiyofaa hadhi yake, basi skripti nzima, si ukurasa wake tu, imfikie askofu au mkuu wa shirika lake la kitawa kabla ya mkataba kutiwa saini. Thomas Bermingham, Mjesuiti, alionekana katika The Exorcist ya 1973 kama rais wa chuo kikuu na bado alikuwa mtawa. Malipo? Kwa mtawa, anachopata kwa kazi yake ni cha shirika, kanuni ya 668.

Dhana ya mwisho inamhusu Ivan Okhlobystin wa Urusi, mwigizaji aliyepewa upadre wa Kiorthodoksi mwaka 2001 na kusimamishwa huduma mwaka 2010 kwa ombi lake mwenyewe. Watu husema upadre wake ulifutwa siku ile. Kusimamishwa humzuia padre kuadhimisha, lakini si kuvuliwa daraja; aliyesimamishwa akirudishiwa huduma hawekewi mikono upya, yaani hapewi upadre mara ya pili.